Mkia wa Sajini

Mkia wa mbwa ukipiga mabati una sauti yake. Si kama fimbo, si kama mvua. Ni du-du-du ya haraka, kama mtu aliyefika na habari njema na hawezi kungoja mlango ufunguliwe. Juzi mjukuu wangu alileta kambwa hapa kwangu, amekafunga kwa sweta yake ya shule, na kalipomsikia anarudi kutoka dukani kakaanza kupiga mlango hivyo. Nilikuwa nakata sukuma wiki. Nikaacha. Mtoto akaingia akaniangalia. "Kukhu, unalia?" Nikamwambia ni kitunguu. Hapakuwa na kitunguu.

Ndiyo, mimi ni kukhu, bibi wa mtu, na nywele zangu bado nyeusi. Nilizaa mapema, binti yangu naye hakuchelewa, na anayetaka kucheka acheke, akimaliza aje asikie vile mjukuu wangu anasoma kitabu bila kukwama. Mimi shule iliniacha darasa la tano. Lakini kuna kitu kimoja nilijua kusoma kuliko mtoto mwingine yeyote wa Kibera: mkia wa mbwa.

Miaka ya tisini ilipoanza tulikuwa tunaishi karibu na reli. Baba alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda na viti mbele ya nyumba, na kila kitu chetu, hata ugali, kilikuwa na harufu ya mbao na gundi. Mama aliuza nguo za watoto za mitumba soko la Toi, na huko ndiko mbwa alikotoka. Mama alimkuta amelala ndani ya rundo la sweta, akajaribu kumfukuza, akashindwa, akaja naye ndani ya kikapu. Baba alitaka kumwita Chifu. Mama akakataa kabisa. "Siku chifu mwenyewe apite hapa akusikie ukimwita aje akule ugali imebaki, nani ataenda kukutoa ndani?" Ndiyo akawa Sajini.

Mkia wake ulikuwa mrefu kuliko heshima yake, rangi ya chai ya maziwa, na ncha nyeupe kama imechovywa kwa unga. Mama akitokea kona ya mwisho, kabla mimi sijaona hata kitambaa chake cha kichwa, mkia ule ulizunguka duara kama mtu anayesonga ugali kwa haraka. Baba akija ulienda huku na huku, polepole, kwa adabu. Sajini akiwa ameiba omena ulilala chini, ncha peke yake ndiyo inacheza, na mimi nilijua sufuria imefunuliwa kabla sijaingia ndani. Treni ikipita uliingia katikati ya miguu ukapotea. Na akiona mbwa asiyemjua ulisimama wima, mgumu, ukitetemeka kidogo. Watoto walidhani hapo amefurahi, kwa sababu wamefundishwa kwamba mbwa akitingisha mkia amekupenda. Mimi ndiye niliwavuta nyuma. "Hiyo si kupenda," niliwaambia. "Hapo anasema jaribu uone." Hawakuniamini mpaka mmoja wao akararuliwa kaptura.

Basi nikawa mtu mkubwa. Nilikuwa nawasha jiko mama akiwa bado mbali, akifika anakuta maji yanachemka, anawaambia majirani, "Huyu Nekesa wangu anaona hata nyuma ya ukuta." Ukuta gani? Ulikuwa mkia. Lakini sifa nilizichukua mimi. Watoto wakiona mbwa yeyote walikuja kuniuliza: "Nekesa, huyu anasema nini?" Nami nilisema, na sikukosea. Kukosea nilikuwa nakuchukia kuliko kuchapwa.

Halafu randa ya baba ya kulainishia mbao ikaibiwa, mchana peupe, pamoja na msumeno. Baba alikuwa amepeleka kitanda Nyayo Highrise, mama yuko soko, mimi niko shule. Mwanamke aliyeuza mandazi mbele ya mlango wetu aliona kila kitu, na alisema alidhani yule mtu ni mteja, kwa vile mbwa alimpokea vizuri. "Hata alimsindikiza mpaka kwa reli," akasema, akionyesha kwa mkono wake wenye unga, "mkia ikienda hivi, hivi, kama wamezaliwa pamoja." Ploti nzima ilicheka. Baba hakucheka. Seremala bila randa ni mtu tu amesimama karibu na mbao.

Wakati huo baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka nyumbani, magharibi. Kwetu huko mbwa wa kulinda boma hukatwa mkia. Wazee walisema ukali wa mbwa hutiririka mpaka mkiani ukaishia huko bure. Ukikata, unarudi kichwani. "Mbwa mwenye mkia ana marafiki," baba mkubwa alisema akipuliza chai yake, "na mwenye marafiki hawezi kuchunga nyumba." Baba akasema Sajini ameshakuwa mkubwa, hiyo ni kazi ya kufanyiwa watoto wa mbwa.

"Basi noa patasi vizuri," baba mkubwa akamjibu.

Baba aliinoa asubuhi nzima. Nilimsikia akiipitisha kwa jiwe, akitema mate, akiijaribu kwa ukucha. Leo naona alikuwa anamfanyia Sajini kile alichoweza: iwe mara moja, iishe. Lakini Sajini hakuwa mjinga. Aliona wanaume wamesimama karibu na benchi na kamba, akaenda kulala chini ya mkokoteni ng'ambo ya mtaro. Wakaita. Wakarusha mfupa. Wapi! Baba mkubwa akanigeukia.

"Nekesa, wewe ndiye anakuamini. Mwite."

Nikamwita. Na nikwambie, nilijivuna. Wanaume wazima wameshindwa, mimi nimeombwa. Sajini akatoka chini ya mkokoteni akaja, mkia unazunguka ile duara ya kumpokea mama, ile ya ugali, ambayo mimi alikuwa hajawahi kunipa. Nikamshika kichwa nikakibana kwapani kama nilivyoonyeshwa. Nyundo ikalia juu ya patasi. Kisha harufu ya majivu ya moto na parafini, maana hiyo ndiyo dawa yetu ya kidonda. Mkia ulibaki juu ya benchi, ncha nyeupe ikipapatika kidogo katikati ya maranda, na mimi msomaji wa kila kitu sikujua hiyo inasema nini.

Alibaki na kigutu cha urefu wa kidole gumba. Kilitetemeka akifurahi, kilitetemeka akiogopa, kilitetemeka hata akiota. Nilikitazama mpaka macho yakauma, kama mtu aliyepewa kitabu kilichochanwa kurasa zote, amebakishiwa jalada.

Haikupita muda baba akapata kazi karakana moja ya Kawangware, tukahamia ploti karibu na steji ya 56. Kibera watu walimkumbuka Sajini akiwa mzima, mbwa wa kuchekwa. Huku hakuna aliyemjua. Waliona kitu kimoja tu: mbwa asiye na mkia. Wengi walikuwa watu wa kwetu, wengine wametoka ziwani, na wote walijua maana yake. Kina mama waliwavuta watoto. Vijana walirusha jiwe kwanza ndipo wapite. Na lazima niseme ukweli wa baba mkubwa pia: hakuna mtu aliyekuja kuiba tena. Mama alianika sweta zake za kuuza nje, hata moja haikupotea.

Sajini naye alikuwa yule yule. Akiona mtu anakuja alikwenda kumpokea, makalio yote yakicheza, mtu anapiga nduru anakimbia. Sajini anabaki amesimama katikati ya njia, anageuza kichwa, anajitazama nyuma, kana kwamba kuna kitu ameacha mahali.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mama Boni. Mtoto wake Boni ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Siku moja Boni alitoka nje na kipande cha mandazi, Sajini akamfuata. Mwanzo wake sikuuona, nilikuwa nachota maji. Nilisikia nduru ya mama Boni. Nilipofika, mtoto alikuwa chali ndani ya mtaro, mdomo una damu, na Sajini amesimama juu yake. Watu wakajaa kabla sijaweka mtungi chini.

"Imekula mtoto! Mbwa ya fundi imekula mtoto!"

"Si tulisema hiyo kitu ni kali!"

Baba Boni akatoka na rungu. Alikuwa mtu mpole, mjenzi, ambaye Jumapili alitugawia watoto miwa. Alimwinua Boni, akampangusa mdomo kwa shati lake, akautazama vizuri. Akampa mama yake. Kisha akamsukuma Sajini mpaka kwa ukuta, akainua rungu, na hapo akasimama. Akanitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Nekesa, wewe ndiye unaijua. Hii mbwa inataka kuuma ama inacheza?"

Kelele zikaisha. Nikatazama kigutu. Kinatetemeka. Macho ya Sajini sikuyatazama. Yalikuwa kwangu, hilo nalijua, lakini mimi sikuwa nimejifunza macho, nilijifunza mkia. Watu wazima wote wananingoja, na mimi ndimi Nekesa asiyekosea. Nikisema anacheza, halafu amuume mtu?

"Sijui," nikasema.

Rungu likashuka. Vijana wakamalizia kwa mawe. Zaidi ya hapo sitasema.

Mama Boni alipomwosha mtoto hakukuwa na alama ya jino mahali popote. Boni alikuwa ameanguka akajiuma ulimi. Baba aliporudi kutoka kazini alimtia Sajini kwenye gunia, akalibeba begani kuelekea mtoni, na hakumwuliza mtu yeyote kitu. Kesho yake alichukua patasi ile ile akaenda kazi. Patasi ni patasi, na watoto lazima wale.

Kwa miaka mingi nilimlaumu baba mkubwa. Nusu nilikuwa na haki. Ukali haukurudi kichwani kwa Sajini. Hakubadilika hata chembe. Tuliokata tulitaka watu wamwogope, wakamwogopa, na woga huo ndio ulitoka nyumbani umeshika rungu. Tulimkata mahali pake pa kusemea, kisha tukakasirika kwamba hasemi. Hayo niliyajua mapema, na nilikuwa nayasema kwa sauti, kwa sababu lawama yake ilikuwa na mtu mwingine wa kuibeba.

Nilikuwa nimeshakuwa mama mtu nilipokutana na mama Boni pale 56, anauza ndizi. Amezeeka. Baba Boni alikuwa ametangulia. Akanishika mkono kwa furaha, akanichagulia kichane kizuri, na mazungumzo yakatufikisha kwenye ploti yetu ya zamani.

"Lakini ile mbwa yenu ilikuwa kali!"

"Haikuwa kali, mama Boni."

"Aii, si ilikuwa imekatwa mkia?"

Akafunga ndizi kwa gazeti polepole. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Unajua baba Boni hakutaka kuiua. Aliangalia mdomo ya mtoto akaona hakuna meno ya mbwa hapo. Lakini watu walikuwa wamejaa, na mwanaume akishatoka na rungu mbele ya watu hawezi kurudi nayo hivi hivi. Alikuwa anakungoja wewe useme neno. Neno lolote. Mpaka alipokufa alikuwa akisema, yule mtoto wa fundi angesema tu."

Nilichukua ndizi zangu nikaenda. Sikumbuki kama nilimuaga.

Miaka yote nilidhani siku ile niliulizwa habari ya kigutu, nikatoa jibu la kweli. Mtoto hawezi kujua kwamba mtu mzima anaweza kuuliza habari ya mbwa huku anaomba ruhusa ya kumwacha. Niliinamisha macho kutafuta jibu nyuma ya Sajini, na jibu lilikuwa juu ya kichwa chake, mkono wa baba Boni umeshika rungu hewani, haushuki, unatetemeka. Huo mkono hakuna aliyekuwa ameukata. Ulikuwa mrefu wa kutosha kusomeka.