Maktaba Iliyoiweza Kompyuta ya Buigiri

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoingia ofisi ya chama cha wakulima wa zabibu pale Buigiri nikiwa na shati la pasi na stashahada ya kompyuta niliyoisomea ughaibuni nikijilipia ada kwa kuosha vyombo hotelini. Mtoto wa mtaa wa Makole nilikuwa nimerudi. Sikufichi, nilijiona, na sababu nilikuwa nazo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Huduma moja ya mtandaoni ilitoa utabiri wa mvua kwa XML, yaani maandishi marefu ambamo kila taarifa imefungwa kati ya alama zake. Programu yangu iyasome, kisha iwatumie wakulima ujumbe wa simu. Walikuwa karibu kupulizia dawa ya ukungu, na mvua ikinyesha juu yake dawa yote huoshwa, zabibu zikaoza.

Kuyasoma maandishi hayo unahitaji maktaba, yaani maagizo ya kompyuta yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Nikachukua ile iliyosifiwa na kila mtu huko nilikotoka. Niliijaribu kwenye kompyuta yangu mpya, kwa mfano mfupi niliouandika mwenyewe. Ikakubali. Nikatangaza kazi imekwisha.

Siku ya kuionyesha, kompyuta kuukuu ya chama, iliyozoea kufunikwa kitambaa cha kufuma, iliganda mbele ya wakulima wote. Majibu halisi yalikuwa ya nchi nzima, na maktaba yangu ilitaka kuyameza yote kwa mpigo. Mzee mmoja akauliza kama nayo imetoka ughaibuni, pengine imechoka safari.

Mwenyekiti wao, Mama Ndahani, hakucheka.

“Mwanangu, mche uliosifiwa kwingine utaupanda shamba zima?”

“Hapana, Mama. Mistari miwili kwanza.”

“Kwenye udongo wa nani?”

Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni.

Asubuhi iliyofuata nilikaa mbele ya kompyuta ile ile na majibu halisi ya huduma, nikajaribu maktaba nyingine mbili. Moja haikuelewana na huduma kabisa. Nyingine ilikuwa ya zamani, ingawa bado inatunzwa na walioiandika, haina majigambo, lakini ilisoma kipande kwa kipande, ikachukua habari za Chamwino, wilaya yetu, na kuacha zilizobaki. Kabla ya saa sita simu zililia mashambani: kesho mvua, msipulizie. Na kweli ikanyesha, dawa ikiwa salama stoo. Mama Ndahani alinipigia mwenyewe, akaniita fundi. Leo vyama vingine vinanifuata, nami navipokea kichwa juu.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, usichague maktaba kwa kelele za watu. Tazama kwanza huduma inajibu nini hasa. Chukua jibu lake halisi, kisha lijaribu kwenye mashine itakayofanya kazi kila siku, na uhakikishe wenye maktaba hiyo bado wanaitunza. Ukiaibika mbele za watu, usikimbie, baki urekebishe. Mimi nilibaki, ndiyo maana leo najisifu.

Mungu aibariki mikono yako, akupe kazi inayowafaa watu wako, na siku utakaposhinda upite kifua mbele, nami niwe hai nikuone.