Ngata Chini ya Bunduki

Hapana, mlio sikuuogopa. Bunduki inafoka kama mama mkwe wangu tu, na huyo nilishamzoea. Nilichoogopa ni kuikosa ile kazi ya geti. Niliipata bwana, nimelinda geti la shamba la chai mpaka meno yakaanza kuniaga. Lakini kidogo tu niikose.

Shamba lilikuwa limeuzwa, watu wakapunguzwa, mume wangu naye. Nyumbani ndizi asubuhi, ndizi jioni. Tajiri mpya akatangaza anataka walinzi, mwanamke sawa, mwanaume sawa, bora amepita mgambo na atoboe karatasi mara mbili kwa risasi tatu. Tukaitwa uwanjani Kyimo.

Afande wa kutupima shabaha alikuwa mtu wa pwani, anaongea kama anakuuzia halua: "Mama yangu weee, hicho kitako chacheza ngoma ya nani?" Kweli. Mbele bunduki imelalia mfuko wa mchanga, imetulia. Nyuma, kwenye kitako, inaruka na pumzi zangu. Risasi ya kwanza ikaenda kwenye migomba ya watu. Nikavua kanga ya kichwani, nikaikunja ngata, hii hii ya kubebea ndoo, nikaiweka chini ya kitako. Nikiiminya pembeni inavimba, kitako kinainuka, mdomo wa bunduki unashuka, nikilegeza, unapanda. Ya pili, karatasi ikatoboka!

Najiandaa ya tatu, nasikia kikohozi nyuma. Baba mkwe, kaja kutazama! Sisi Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Ukikutana naye njiani unaingia kichakani, unajifunika. Sasa pale uwanjani kichaka kiko wapi? Nikaichomoa ngata, nikajifunika kichwa. Kitako puu, chini.

"Mama, umekufa?" Afande huyo.

Mume wangu, aliyenisindikiza, na kile kisauti chake cha kifaranga: "Afande, yule ni baba."

"Baba ndiyo nini? Apige, au namwita mwingine!"

Nikajaribu hivyo hivyo nimejifunika. Kitako kinacheza. Kanga ni moja. Nikiitoa kichwani, nimemvunjia mzee heshima mbele ya watu. Nikiiacha, kazi imekwenda.

Tangu niolewe mzee hakuwahi kunisemesha hata neno, na siku ile hakunisemesha. Alimsemesha mwanawe, sauti nzito kama anaburuta jiwe la kusagia:

"Mwambie mke wako mimi nimeshageuka, natazama mlima. Hiyo nguo irudi chini ya bunduki. Watoto hawali adabu."