Gazeti la Mkaguzi

Asubuhi moja, Wahome na mkewe Gakenia wakinywa chai, mkaguzi wa majengo wa baraza alirudi mtaani Nyalenda. Wiki iliyopita alikuwa amesema chumba chao kina giza, dirisha lisipopanuliwa kitabomolewa. Gakenia alilipanua mwenyewe kwa panga. Mkaguzi hakutoa futi ya kupimia. Kama alivyofanya katika kila nyumba, alivua kofia, akajifungia ndani peke yake, akakunjua gazeti na kusoma kwa ile sauti yake ya mhubiri. Herufi ndogo zikisomeka, dirisha limepita. Ghafla sauti ikakatika. Wahome akatega sikio mlangoni.

"Bwana, umelala huko?" Gakenia akauliza, akicheka.

"Ngoja kidogo, Mama, nimefika kwenye mpira. Dirisha lako lilipita zamani."