Kadi Isiyotoka Mfukoni

Harlan Stipe alifunga meli katika bandari ya Fort Lauderdale karibu maisha yake yote ya kazi, na hakuna aliyezidharau meli za siku hizi kama yeye. Zamani meli ilikuwa na umbo la meli. Ilikuja taratibu, baharia wa juu akarusha kamba nyembamba, wewe wa chini ukaidaka, ukaivuta mpaka ile nene ikakufikia mikononi, na mkimaliza mkapungiana kofia. Leo linakuja ghorofa. Lina maduka ya pete, lina bomba refu la watoto kuteleza wakipiga mayowe, na kwenye sitaha watu wazima wamevaa kaptura, wananyonya kwa mirija vinywaji vyenye rangi ya sabuni. Nahodha humwoni. Huenda yupo.

Na bado kila mwaka Harlan alilipanda ghorofa hilo, kwa sababu ya Arlene Kovalik.

Arlene alikuwa mjane kutoka Toledo, Ohio, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Walikutana melini, kila mmoja akiwa ametoka kumzika mwenzi wake, katika ukumbi wa dansi wenye sakafu ya mbao na bendi ya watu wanaopuliza kwa mapafu yao wenyewe. Wote wawili walicheza kizamani: mwanamume anaongoza, mwanamke anajua anakopelekwa, na hakuna anayerukaruka. Tangu hapo walikutana humo humo kila kiangazi, wakacheza juma zima, wakaagana gatini kama watu wenye adabu. Kisha ikaja korona, meli zikawekwa tupu baharini taa zikiwaka, na wao wakabaki na simu.

Meli ziliporuhusiwa tena kuchukua abiria, Arlene alimpigia.

"Nimeuza nyumba, Harlan."

"Umeuza! Unakwenda wapi?"

"Mwanangu wa Portland ananitaka kwake, ameshanitengenezea chumba chini ya nyumba. Na wewe unanitaka kwako Dania. Sitaki kukujibu kwa simu. Tutapanda meli, tutacheza, nitakujibu nikiwa nakutazama usoni."

"Kwani jibu huna?"

"Ninalo nusu. Nusu nyingine unayo wewe."

Harlan akatoa ndoano na nyavu zilizokuwa zimejaa chumba cha pili, akakipaka rangi, akatundika mapazia. Chanjo alikwisha kupata tangu Februari, katika duka kubwa la vyakula, alikopanga foleni alfajiri na wazee wenzake, kila mmoja na kiti chake cha kukunja. Kadi aliiweka mfuko wa shati, nyuma ya miwani. Kwa mtu mwenye akili timamu, safari ilikuwa tayari.

Lakini Harlan alikuwa na jirani. Wendell Gaither, aliyekuwa akiuza boti kuukuu kwa watu wasiojua boti, alikaa barazani kutwa nzima na redio yake, na redio hiyo haikuwa ya muziki.

"Umechanja?" Wendell aliuliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Zamani."

"Basi usiwaonyeshe kadi."

"Kwa nini nisiwaonyeshe?"

"Kwa sababu hawana haki ya kuuliza, bwana! Bunge la jimbo limepitisha, gavana ametia saini. Kampuni ikimdai mteja ushahidi wa chanjo, faini! Wewe ukienda ukajitolea mwenyewe, umetuuza sisi sote."

"Ninyi nani? Wewe Wendell unatapika hata kwenye ngalawa."

"Cheka tu. Huu ni msimamo."

Mwaka ule kila mtu Florida alikuwa na msimamo. Watu ambao maishani mwao hawakuwahi kusimamia lolote, hata ngazi ya kubadilishia balbu, walisimama kwenye milango ya maduka wakitetea uhuru wao dhidi ya wasichana wanaopanga nyanya. Wakubwa wa Tallahassee, makao makuu ya jimbo, waliliona hilo, wakalitungia sheria, maana sheria ya namna hiyo haihitaji kujenga daraja wala shule.

Harlan alikuwa na kila sababu ya kucheka na kuingia ndani. Alipokuwa mtoto alipanga foleni shuleni, mkono wa shati umekunjwa, akachanjwa ndui pamoja na darasa zima, na mama yake akampa pai ya ndimu. Alipokuwa kijana alisafiri na meli za ndizi za Honduras, na katika kila bandari alimnyoshea daktari kitabu chake cha manjano chenye mihuri ya chanjo, sigara ikiwa mdomoni, huku akiendelea na mazungumzo mengine. Hakuwahi kuhisi amevuliwa utu wake. Lakini mwache mzee mwaka mzima peke yake nyumbani, redio ya jirani ikimpigia kelele kupitia dirishani, na atatoka na mawazo ambayo hakuingia nayo.

Siku ya kupanda, Arlene alimtangulia kwenye foleni. Alionyesha kadi yake, akapita, akasimama mbele kumsubiri. Harlan akafika mezani. Pale alikaa msichana wa Kifilipino, Jovelyn, mwenye barakoa na macho ya mtu aliyekwisha kuchoka kabla ya saa nne.

"Karibu, mzee. Ungependa kutuonyesha kadi ya chanjo kwa hiari yako?"

"Unaniuliza?"

"Hapana, mzee. Hatuulizi. Tunakupa nafasi ukipenda."

"Na nisipopenda?"

"Tunakuhesabu kama hujachanja."

"Lakini nimechanja."

"Sikuuliza, mzee."

Nyuma yake sauti ikapaa: "Babu, onyesha au jitupe majini, jua linatuchoma!"

Harlan akakaza shingo. "Sionyeshi. Sheria iko upande wangu."

"Ndiyo, mzee," Jovelyn akasema, akamfunga bangili ya plastiki ya rangi ya chungwa.

Ndivyo mambo yalivyopangwa na watu waliosoma. Bunge lilipiga marufuku swali. Wanasheria wa kampuni wakakaa, wakanywa kahawa, wakagundua kwamba ukiadhibu kimya huna haja ya swali. Mwenye bangili alipimwa puani kwa gharama yake, alilazimishwa kununua bima, alikula chakula chake kwenye kona ya sitaha ya juu, na ukumbi wa dansi hakuingia. Bunge likajisifu limeshinda, kampuni ikajisifu haikuvunja sheria, na bili akapelekewa Harlan.

"Umeisahau nyumbani?" Arlene alimuuliza alipoiona bangili.

Harlan akajipigapiga kifuani. "Ninayo hapa."

Arlene akacheka, akidhani ni mzaha. "Basi itoe, tukale."

"Hawana haki ya kuuliza."

Kicheko kikaisha. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kisha akalifuta.

Usiku ule Harlan alikula na wenzake wa bangili. Alikuwepo fundi wa mabwawa ya kuogelea aliyesema kwamba chanjo humtia mtu sumaku mwilini. Ili kuthibitisha, alichukua kijiko akakibandika kwenye mkono wa mkewe, ambaye alikuwa amechanja kwa siri na sasa siri imetoka. Kijiko kikaanguka. Fundi akakilamba, akabandika tena, kikashika. Meza nzima ikapiga makofi. Hao ndio watu ambao Harlan alikuwa amekataa kuwasaliti.

Baada ya chakula alishuka hadi kwenye mlango wa kioo wa ukumbi. Bendi ilikuwa imepunguzwa, wamebaki wapulizaji wawili na kompyuta. Arlene alikuwa akicheza na mwanamume mwenye mvi na koti la buluu. Kampuni huwaweka wanaume wa namna hiyo kwa ajili ya akina mama waliokuja peke yao. Hucheza nao wote kwa zamu, na huwatabasamia wote kwa meno yale yale. Arlene ndiye aliyekuwa akimwongoza mwanamume huyo. Harlan alilitambua hilo kutokana na mabega yake, na lilimuuma.

Walipofika Nassau, visiwani Bahama, sheria ya Florida haikuvuka maji. Wenye bangili waliruhusiwa kushuka kwa basi la kampuni tu, kuzungushwa wakitazama kisiwa kupitia dirishani na kurudishwa. Arlene alikwenda kwa miguu, peke yake, hadi kwenye kibanda walichozoea kula kombe wa baharini wa kukaanga. Harlan alibaki melini, amejiinamia kwenye reli, akiifuata kwa macho kofia ya majani ya Arlene mpaka ikapotea kati ya watu.

Jioni hiyo Arlene alitoka ukumbini, viatu vya dansi mkononi, akamkuta pale pale kwenye kioo.

"Harlan, nisikilize. Sheria inawakataza wao kudai. Haikukatazi wewe kuonyesha. Hivyo ni vitu viwili."

"Tukianza kukubali haya, kesho watataka..."

"Hayo maneno ya nani? Ya Wendell?"

Harlan akatazama zulia.

"Basi wao waache. Nakuomba mimi. Mimi sheria hainikatazi kuuliza. Umechanja?"

"Unajua nimechanja."

"Toa kadi twende tukacheze."

Mkono wa Harlan ulifika mfukoni. Ulifika kabisa, vidole vikaigusa karatasi. Ndipo akapita yule fundi wa mabwawa, akaiona bangili, akamwinulia Harlan ngumi kama mpiganaji mwenzake. Na Harlan Stipe, aliyewahi kudaka kamba kwenye tufani wakati wengine wamekimbilia bohari, akatoa mkono mtupu.

"Kesho," akasema.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye dawati la Jovelyn, akaipiga kadi juu ya meza.

"Hii hapa. Soma!"

"Asante, mzee. Lakini hali ya abiria imeandikwa wakati wa kupanda. Haibadilishwi mpaka turudi bandarini."

"Si nimechanja! Tarehe hizo hapo!"

"Naziona, mzee. Nakupongeza."

Alimkuta Arlene kwenye kiti cha sitaha, akaketi kando yake. "Nimeionyesha."

"Wamekubali?"

"Wamekataa."

Arlene akageuka kutazama bahari. "Kama ungekuwa hukuchanja kwa kuogopa sindano, ningehamia Dania. Mtu anaogopa, yanakwisha. Wewe hukuogopa kitu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo, ufunguo uko kifuani pako, ukaona bora umridhishe mtu aliyekaa barazani, hata melini hayumo. Nikija kwako nitakuwa nimeolewa na ninyi wawili."

"Sitazungumza naye tena. Nitajenga ukuta."

"Utajenga, na redio utaisikia." Akamshika mkono, bangili ikiwa katikati yao. "Nakwenda Portland, mpenzi. Chumba kile kina dirisha dogo, lakini nyumba ni ya kimya."

Harlan alikuwa na maneno mengi kuhusu haki, na hakuna hata moja lililofaa hapo.

Waliporudi Fort Lauderdale, waliochanja walishuka kwanza, kwa ngazi pana. Wenye bangili walipelekwa kwenye hema la turubai wakapimwe tena. Harlan aliketi kwenye kiti cha plastiki, kichwa amekirudisha nyuma, muuguzi akamwingiza kijiti cha pamba puani. Kupitia mlango wa hema alimwona Arlene ukingoni mwa barabara na mabegi yake, akigeuka huku na huku, akitafuta. Kisha akaliona hema, akaangaza macho, akainua mkono.

Harlan akainua wake.

"Tulia, babu," muuguzi akamwambia, akiushusha. "Bado."

Teksi ndiyo iliyouona mkono wa Arlene, ikasimama.