Mto Tulioupima Wakati wa Masika

Siku yangu ya kwanza kazini kama afisa mipango, Afisa Ardhi wa Wilaya hakunipa kiti. Alinitoa nje na kuniamuru niuzunguke uwanja wa ofisi kwa hatua, kisha nimkadirie ukubwa wake. Nilipomletea jibu, aliagiza uletwe mnyororo wa kupimia, ule wa pingili za chuma, tukaupima uwanja upya. "Bwana Mipango," alisema, "hujamaliza hata saa moja na umekwisha kuinyang'anya Serikali robo ya uwanja. Wanakijiji utawaachia nini?" Alicheka peke yake. Baadaye nilikuja kumpenda mzee huyo kuliko mkubwa yeyote niliyemtumikia katika Mkoa wa Dodoma.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Waliotutangulia walipanga vijiji kwa amri, nyumba zikakaa safu kama askari. Sisi tuliwakuta wafanyabiashara wa mjini wakibisha hodi vijijini kuomba mashamba, na vijana waliozaliwa katika safu zile wakidai ya kwao. Kazi yetu ilikuwa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, yaani kuamua wapi watu wajenge, wapi walime na wapi wachunge. Kijiji kimoja tulikichorea michoro kadhaa iliyotofautiana, kila mmoja tukauita chaguo. Kisha tulitengeneza jedwali la ulinganishi: vigezo upande wa kushoto, machaguo juu, alama katikati. Chaguo lenye jumla kubwa ndilo tulilolipendekeza.

Kijiji ninachokikumbuka zaidi kilikuwa kando ya njia iendayo mnadani Chemba. Watu walikuwa wameongezeka, na mwenyekiti alikuwa ametuandikia barua nyingi. Tulikwenda mwezi wa Februari. Mto wa hapo ni wa mchanga: hutiririka majuma machache, halafu hubaki korongo pana, jeupe, kavu. Siku zile ulikuwa umejaa, ukatuzuia ng'ambo siku mbili. Ulipopungua tuliupima, nikauchora kwa penseli ya bluu, kingo zake zimenyooka vizuri.

Chaguo la kwanza liliacha nyumba zifuate barabara. La pili lilimega malisho. La tatu lilifungua kitalu cha mashamba hadi ukingoni mwa mto, sehemu ya vijana, sehemu ya mfanyabiashara aliyeahidi kuleta mashine ya kusaga. Katika jedwali langu la tatu lilishinda kwa mbali. Kamati ya kijiji iliridhia. Afisa Ardhi alitia saini.

Mwezi wa Oktoba tulirudi kwa mkutano mkuu wa kijiji, kwa kuwa bila idhini yake mpango si mpango. Asubuhi ya siku ya mkutano nilikwenda kukagua vigingi vya mipaka ya mashamba. Katikati ya kitalu changu nilikuta foleni ya wanawake wenye ndoo, na ng'ombe nyuma yao. Ndani ya shimo la mchanga, maji yakimfika magotini, alisimama mama mmoja, Bi Zaituni, akichota kwa kata na kuwapokeza walio juu. Nilimwamkia.

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye ramani?"

Nilikiri.

"Mwanangu Ramadhani anasema utampa shamba hapa. Tumefurahi. Sasa akipanda mahindi hapa, mimi nichimbe wapi?"

Nilikunjua ramani nikamwonesha kwamba mto umebaki mali ya kijiji. Aliutazama mstari wa bluu kwa heshima.

"Huu umekaa mahali pamoja," alisema. "Wetu hauna adabu hiyo. Mwaka juzi kisima kilikuwa pale aliposimama ng'ombe mweupe. Mwakani sijui."

Ng'ombe mweupe alikuwa ndani kabisa ya shamba la mfanyabiashara. Ndipo nilipoelewa. Kila masika mafuriko huvifukia visima, na kila kiangazi watu huchimba upya pale mchanga unapoonesha unyevu. Sisi tulipita vikiwa vimefukiwa. Nilimuuliza kwa nini hawakutueleza.

"Mlikuja maji yamejaa, mkauliza mashamba. Mgeni akikuuliza mashamba, utamjibu visima?"

Mmoja katika foleni akasema nipewe kata ninywe, maana ramani yangu imekauka. Walicheka, nami nikanywa.

Nilimkuta Afisa Ardhi akinywa chai, nikamweleza yote. Aliniuliza visima nilivipa alama ngapi katika jedwali. Nilijibu kwamba havimo.

"Saini ni yangu," alisema, "lakini mkono uliochora utangulie."

Nikasimama mbele ya mkutano nikasema kwamba tuliupima mto wao katika mwezi ambao hakuna anayeuhitaji, na kwamba chaguo la tatu lingewafungia maji. Vijana waliguna. Ramadhani alisimama.

"Mama atakunywa. Mimi nitakula nini?"

Walijadiliana hadi alasiri. Mfanyabiashara aliondoka na ahadi yake. Mwishowe walikubaliana mashamba yarudi nyuma, na vijana wamegewe vipande vidogo pembezoni mwa malisho kwa kura. Bi Zaituni na wenzake walitembea wakipita kila mahali pa mbali kuliko pote walipowahi kuchimba, nasi tukawafuata na mnyororo tukiweka mpaka. Ikaamuliwa kwamba hakuna atakayelima wala kuweka uzio ndani ya mpaka huo. Katika mchoro wa mwisho nilimuuliza Afisa Ardhi ukanda ule niupake rangi gani. Katika ufunguo wa rangi za ramani zetu haikuwapo rangi yake. Akasema niuache mweupe.

Nimestaafu. Ramadhani nikimkuta mnadani huniuliza kama nimekuja kupunguza tena shamba lake, kisha hulipia chai yangu. Vijana wa ofisi hunitembelea nyumbani Msalato; majuzi alikuja afisa mipango, binti makini, akanionesha kwenye kompyuta picha ya bonde zima la mto analoliandalia mpango, iliyopigwa kutoka angani. Ilikuwa safi kuliko chochote nilichowahi kuchora. Nilimuuliza ilipigwa mwezi gani.

Alitafuta pembeni mwa picha. "Machi, babu."

Akaitazama tena. Kisha akaifunga kompyuta, akaniuliza kutoka pale hadi bondeni ni mwendo wa saa ngapi.