Nilimfukuza mama mkwe kwa harufu isiyokuwa yake

(Mwandishi ni mama wa hapa Élisabethville. Jina lake linabaki kwetu gazetini, kisa chake ni chenu.)

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na saba, watoto wawili, na wa tatu yuko tumboni. Mume wangu ni karani. Tulipewa nyumba ya matofali yenye bafu ndani, sakafu ya sima inang'aa, naye akaomba ile kadi ambayo Serikali inawapa weusi inaosema wamestaarabika. Mnajua mambo yake: wazungu wa tume wanaingia kwako, wanafungua kabati, wanatazama uma na visu, wanachungulia hata choo. Basi mvua zilipokwisha nikalifunga bafu kwa ufunguo. Kiangazi chote tukawa tunaoga uani nyuma ya mkeka, ili tume ilikute bafu halina hata doa. Nilijiona mwanamke mwenye akili sana!

Mwezi uleule nilipolifunga bafu, mama mkwe alifika kwa gari moshi kutoka Kabalo. Baada ya wiki tatu nyumba ikaanza kunuka kinyesi. Nilipiga deki, nikamwaga dawa chooni, wapi. Harufu ilizidi pale alipolala mama, karibu na mlango wa bafu. Nikaamua ni yeye, nikamwambia mbele ya watoto kwamba hajui kujisafisha. Akanijibu kwa upole:

"Mwanangu, miye naoga asubui na mangaribi. Iyi harufu iko inatoka mu nyumba, haiko mu mwili yangu."

Sikumsikia. Kila siku nilimlilia mume wangu: "Baba Yozefu, bazungu bakikuta mama yako hapa, kadi utaisikia kwa benzako." Mwishowe akakubali kumrudisha Kabalo, kwa aibu. Pale stesheni nilimpa mama sabuni mbili, tena nikitabasamu. Mungu anisamehe.

Harufu ikabaki. Nilimdanganya mume wangu kwamba inakawia kuisha, kisha alipokuwa kazini nikamwita fundi wa mabomba. Aliinama kwenye tundu la sakafu ya bafu, akacheka.

"Madame, hamuogake humu?"

Nikamwambia nalitunza.

"Njo vile! Uku chini bomba inajikunja, mayi inabakia pale, njo inafunga njia ya harufu. Mukiacha bafu siku mingi, mayi inakauka, harufu ya shimo inapanda."

Alimwaga ndoo moja ya maji. Ndoo moja tu! Kabla ya jioni nyumba haikunuka tena. Mume wangu aliporudi alivuta pumzi, akasema, "Ulikuwa na haki, kumbe ilikuwa ni mama." Nikampakulia chakula.

Sasa mama ameniletea barua, imeandikwa na katekista wao. Anasema anaoga kwa majani kila siku. Watu wa kwao wanamwambia hanuki, lakini yeye hawaamini tena. Anaomba nimruhusu aje kwenye ubatizo wa mtoto huyu. Atasimama nje ya kanisa, wala hatamshika mtoto.

Barua nimeificha. Tume inakuja hivi karibuni. Nikisema ukweli, mume wangu atanirudisha kwetu, na mwanamume asiye na mke nyumbani kadi haipati. Nikinyamaza, yule mama atakufa akijinusa. Ninyi mlio mama, ninyi mlio na mama, niambieni: nifanye nini?