Pumu ya Limi na Ng'ombe Kumi na Wanane

Mwaka 1993 ng'ombe kumi na wanane, mahari ya Limi, waliswagwa kutoka upande wa Geita mpaka zizi la baba yake, mzee Marselino, karibu na Ibadakuli. Zizini hawakumaliza hata mwezi. Wakatolewa wote kumwolea mke Mwigulu, kaka yake Limi. Ndiyo maana Limi alipokuwa akifunga mzigo wa kwenda kwa mume, baba yake alimvuta pembeni.

"Wakijua una pumu watakurudisha, na ng'ombe wao hawapo tena. Umesikia?"

Alisikia. Lakini jamani, kifua nacho ni jembe, useme utakiacha kwenu?

Kwa mumewe, Nkwabi, alificha vidonge vyake kwenye mtungi wa choroko. Kifua kikimbana alikwenda nyuma ya ghala, akakohoa mpaka pumzi irudi, kisha akarudi jikoni akicheka.

Mimba ilipofika miezi mitano, mama mkwe alimsindikiza kliniki. Nesi Asteria akawaambia wajawazito wote: mwenye pumu asiache dawa hata siku moja, mama akikosa pumzi na mtoto tumboni anakosa. Akamfikia Limi, kadi mkononi.

"Una ugonjwa wowote? Presha, kifafa, pumu?"

"Nani, huyu?" mama mkwe akadakia. "Mkwe wangu mzima, nesi! Analima kuliko wanaume."

"Sina," Limi akasema. Vidonge vilikuwa vimebaki vinne, na kuomba vingine mbele ya mama yule hakuthubutu.

Mwezi wa nane wa mimba walichoma masalia ya pamba shambani, kama serikali ilivyoamuru kila mwaka ili kuua wadudu. Moshi ulipomwingia, Limi hakumwita mtu. Alikwenda zake nyuma ya ghala. Safari hii pumzi haikurudi. Walimkuta kalala chini, midomo imebadilika rangi, wakampakia kwenye pikapu ya mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa akipita. Hospitali wakamwokoa yeye. Mtoto alizaliwa kimya.

Daktari alipouliza, ikabidi aseme yote, na mama mkwe kasimama pale pale. Mama yule aliketi sakafuni akalia.

"Ungeniambia, mwanangu! Mimi ningekufukuza, na mjukuu wangu tumboni?"

Labda asingemfukuza. Labda angemfukuza. Sasa nani atajua? Wanawake wa wodini wakanong'ona kwamba mficha uchi hazai. Rahisi kusema! Wao hawakubebeshwa ndoa ya kaka mtu.

Siku ya tatu mzee Marselino akafika, vumbi la safari hajalipangusa. Akachungulia huku na huku kwanza, ndipo akasogea kitandani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akainama, akashusha sauti. "Wamejua?"

Limi alijiinua kwa kiwiko. Kwa mara ya kwanza hakushusha sauti.

"Wamejua, baba. Alikuwa wa kike, maana hukuuliza."